Kupe Gusii (2): Makao Yake Ni Nyasi

Juma lililopita makala haya yalieleza jinsi ndigana kali inavyomwangusha ng'ombe wa gredi: joto kupanda, tezi la chini ya sikio kuvimba, pumzi kuwa nzito na povu kutoka puani. Leo tumgeukie mbebaji wa ugonjwa huo, mahali anapoishi.

Katika maboma mengi ya Kisii na Nyamira, siku ya kuua kupe huanza kwa pampu ya mgongoni. Ng'ombe hunyunyiziwa toka masikioni hadi chini ya mkia, akarudishwa bandani, na mwenyewe akaamini kazi imekwisha. Siku chache baadaye kupe wako tena. Lawama huiendea dawa, na pengine ni haki yake, kwani dawa iliyozimuliwa kupita kiasi huua kupe wanyonge na kuwaacha wagumu wazaane. Lakini hata dawa iliyopimwa sawasawa humpata tu kupe aliye mwilini mwa ng'ombe. Kupe wengi hawako huko.

Kupe wa masikio, yule wa rangi ya kahawia, hufanya safari tatu maishani. Jike akishiba damu hudondoka, hujificha chini ya majani makavu, hutaga mayai kwa maelfu na kufa. Watoto huanguliwa wakiwa na miguu 6. Hupanda kwenye ncha za nyasi, wakainua miguu ya mbele na kungoja mnyama apite. Mtoto hunyonya siku chache, hudondoka, hujibadili na kuota miguu 8, kisha hutafuta mnyama mwingine. Hudondoka tena, na kurudi mara ya tatu akiwa mpevu. Ukizijumlisha siku zote anazokaa mwilini mwa mnyama, hazifiki mwezi. Muda wake uliobaki, ambao ni miezi mingi, ni wa ardhini. Mpevu mwenye njaa huweza kungoja zaidi ya mwaka mahali penye unyevu, na Gusii, yenye mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, unyevu si wa kutafutwa.

Kuna jambo linalowashangaza wafugaji wengi: mtoto wa kupe huzaliwa safi. Mama hapitishi vijidudu vya ndigana kali kwenye mayai. Kupe huvinyonya kwa ng'ombe mwenye navyo, mara nyingi yule aliyepona na kuonekana mzima, kisha huvipeleka kwa ng'ombe mwingine katika safari inayofuata. Mwingine huyo aweza kuwa wa jirani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na mashamba yamegawanywa vipande vipande hadi ua mmoja unatenganisha zizi na zizi.

Hapo ndipo majosho ya zamani yalikuwa na nguvu ambayo pampu haina. Ng'ombe wa kijiji kizima walipitishwa majini siku moja, basi kupe aliyekuwa akingoja nyasini hakupata mnyama asiye na dawa. Serikali ilipojiondoa katika kuyaendesha, majosho mengi yalikauka, na kila boma likabaki na pampu yake na siku yake. Majirani wanaopatana siku moja ya kunyunyiza, kwa dawa ya aina moja, hurudisha sehemu kubwa ya faida ile bila kujenga chochote.

Anayefuga bandani hujiona salama. Lakini nepia inapopungua, hukata nyasi za kando ya barabara, ambako ng'ombe wa watu wengi hupita, na kumletea ndama wake kupe ndani ya mzigo. Nepia ya shambani mwake mwenyewe, lisikopita kundi la mtu, ina hatari ndogo zaidi. Kama hana budi kutumia za nje, azitandaze juani kwanza. Kupe wachanga hukauka upesi. Nyasi za kuzunguka banda zifyekwe hadi jua lifike chini, na vichaka vya uani vipunguzwe.

Kuku nao ni wasaidizi wa kweli. Utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 1991 ulikuta makumi ya kupe matumboni mwa kuku wa kienyeji waliokuwa wakidonoa kati ya ng'ombe. Wasiachiliwe tu mara baada ya kunyunyiza, wasije wakala kupe wenye sumu.

Mikono pia ina kazi. Vijidudu huhitaji siku kadhaa, kwa kawaida tatu hivi, kukomaa matezini mwa kupe baada ya kuanza kunyonya, ndipo vimwingie ng'ombe. Kwa hiyo, anayekagua masikio ya ndama kila jioni na kung'oa kupe kwa kumbana karibu na ngozi, humwahi kabla ya madhara. Mafuta ya taa na kijinga cha moto havifai: vinaumiza ngozi, na kupe hubaki ameuma.

Kupe wa mbwa ni habari nyingine. Huyo hupenda nyumba, hutaga katika nyufa za ukuta, na kufyeka nyasi pekee hakumwondoi. Kibanda cha mbwa kizibwe nyufa na matandiko yachomwe, siku ileile mbwa mwenyewe anapotiwa dawa.

Juma lijalo: chanjo iliyotengenezwa Muguga, na sababu ya wafugaji kulazimika kukusanya ng'ombe wao pamoja ili kuipata.