Mapishi ya Visiwani Yapigwe Chapa Hapa Hapa

Wiki iliyopita aliingia ofisini kwetu bibi mmoja mtu mzima, mkaazi wa Ng'ambo, akatoa katika mkoba wake wa ukili daftari lililofungwa kwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na mapishi ya nyumbani kwao, mengine yameandikwa na marehemu mama yake kwa hati za Kiarabu, mengine na yeye mwenyewe kwa herufi alizofundishwa skuli. Kurasa mbili, zile za mkate wa kumimina, zilikuwa zimegandana kwa tui na samli, wala hazikuweza kufunuliwa bila ya kuchanika. Akatuuliza, "Wanangu, hili lapigika chapa?" Hatukuwa na jawabu ya haraka, na ndiyo sababu ya safu hii ya leo.

Swali lenyewe si geni katika mji huu. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alileta Unguja mtambo wa herufi za Kiarabu, na kwenye miaka ya 1880 mtambo huo ukawa unatoa majuzuu ya Qamus al-Sharia, kitabu kikubwa cha fikihi ya Kiibadhi. Wamisionari wa Kiingereza nao walikuwa na mtambo wao chini ya Edward Steere, na vijana wa skuli yao walifundishwa kupanga herufi za risasi moja moja. Na kabla ya mitambo yote hiyo, huko Siyu katika kisiwa cha Pate, mafundi walikuwa wakinakili misahafu kwa mkono na kuitia majalada ya ngozi. Lakini vilivyochapwa vilikuwa kwa sehemu kubwa vya dini, sheria, lugha na matangazo ya serikali. Jiko liliachiwa wanawake, na wanawake waliachiwa kukumbuka.

Kwingineko haikuwa hivyo. Mwaka 1864, Wamarekani walipokuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, bibi mmoja wa Philadelphia, Maria J. Moss, alitoa kitabu cha mapishi kilichouzwa kwenye maonyesho ya kuchangia matibabu ya askari. Tangu hapo vikundi vya akina mama nchini humo vimejenga makanisa, skuli na hospitali kwa fedha za vitabu vya namna hiyo. Hata kwa jirani zetu wa Nairobi, chama cha akina mama wa kanisa la St Andrew's kilitoa mwaka 1928 kitabu cha upishi cha walowezi, nacho kikarudiwa kuchapwa mara nyingi. Walowezi wale hawakuwa wapishi hodari kuliko mama zetu wa Wete na Makunduchi, na wasomaji wetu waliowahi kuonja upishi wa Kiingereza watatuunga mkono.

Siri ya vitabu hivyo ni nyepesi. Kila pishi huandikwa jina la aliyelitoa. Wakishiriki akina mama themanini, basi kitabu kina wanunuzi themanini kabla wino haujakauka, na kila mmoja ana dada, wifi na shoga atakayetaka kuliona jina lile. Wenye maduka ya mchele na viungo huombwa kulipia tangazo dogo mwishoni mwa kitabu, na malipo hayo husaidia gharama ya karatasi. Kwa njia hii fedha hukusanywa kwanza, na mtambo huwashwa baadaye. Vitabu vingi vidogo vya hapa kwetu hufa kwa sababu ya kufuata njia ya kinyume: mwandishi hukopa, huchapa nakala nyingi, huzigawa madukani kwa mali kauli, kisha hupita kila mwezi kudai fedha mpaka miguu ikamvimba.

Kitabu cha jikoni kina adui zaidi kuliko kitabu cha kabatini. Kuna mvuke, mafuta, mikono yenye unga, na unyevu wa bahari usiokwisha. Kile kinachokatwa mgongo na kubandikwa gundi tupu ni rahisi kukitengeneza, lakini mpishi hukikandamiza kifunuke mezani, mgongo ukapasuka, na karatasi zikaanza kutoka moja moja. Tumeshuhudia kitabu cha aina hiyo kikifungwa kwa mpira wa nywele. Kitabu chembamba na kipigwe pini katikati ya mkunjo. Kinene na kishonwe kwa uzi, mkunjo kwa mkunjo, na jalada lake lipakwe plastiki ili lipanguswe kwa kitambaa. Waandaaji wajue pia kwamba karatasi kubwa ikikunjwa mara tatu hutoa kurasa 16. Kitabu cha kurasa 64 humaliza karatasi nne kamili. Zikizidi kurasa mbili tu, huanza karatasi ya tano. Ni afadhali kuondoa pishi moja la katlesi, maana hayakosi kuwa matano.

Kazi ngumu kuliko zote ni vipimo. Mama wa bibi yule aliandika "kibaba cha mchele" na "tui la nazi mbili". Vibaba vinne vilikuwa pishi moja, na kila nyumba ilijua hivyo. Leo mchele huuzwa kwa kilo, na vijana wengi hawajakiona kibaba kwa macho. Na nazi je, kubwa au ndogo? Hapana budi mtu akae jikoni na wazee wangali hai, apime wanachokimimina kwa mkono, kisha aandike vipimo vyote viwili, cha zamani na cha sasa. Hilo halifanywi na mpiga chapa.

Tunawaelekea sasa viongozi wetu. Hatuombi sadaka, tunaomba ununuzi. Maktaba za skuli na vyuo vinavyofundisha upishi na huduma za hoteli zinahitaji vitabu vya Kiswahili vya chakula cha visiwa hivi. Oda ya nakala mia mbili, ikilipwa siku ya kupokelewa na siyo baada ya mwaka wa fedha kupita, yatosha kukiinua kikundi cha akina mama cha shehia moja. Mitambo ya umma nayo ikubali kazi ndogo kwa bei inayojulikana, iliyobandikwa mlangoni. Tena ni aibu kwa mgeni anayetafuta namna ya kupika pweza wa nazi kuuziwa kitabu kilichoandikwa na kuchapwa ng'ambo, hali aliyempikia pweza yule yuko Nungwi.

Daftari la bibi tungali nalo. Tumekwisha kulinakili lote isipokuwa zile kurasa mbili zilizogandana, na Jumamosi atakuja kutusomea kwa ghaibu.