Damu chooni si jambo la kunyamazia

VITA vya Kongo vya 1998 vilinifikisha Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda. Nilisoma huko, kisha nikarudi nyumbani kufundisha baiolojia. Shangazi yangu alibaki.

Mwaka mzima alikuwa akiona damu katika kinyesi, akanyamaza. Alipokonda, kliniki moja ilimpa dawa za amiba, nyingine dawa za bawasiri.

“Mwanangu, mambo ya chooni unamweleza nani?” aliniuliza tukiwa ndani ya teksi kwenda Mbarara.

Hospitalini daktari aliingiza kamera kwenye utumbo mpana, akakuta uvimbe. Picha ya ini ikaonyesha madoa. Saratani ilikuwa imesambaa.

Nilijilaumu. Kila mwaka huwachorea wanafunzi kromosomu 46 za seli ya binadamu, lakini sikuwahi kumweleza shangazi zikiharibika hutokea nini.

Nakivale tulinakili kitabu kimoja cha mwalimu kwa mkono. Aliyeruka ukurasa, waliomnakili yeye waliukosa pia. Seli nazo ni hivyo hivyo. Zinapogawanyika vibaya, moja hupata kromosomu za ziada, nyingine hupungukiwa. Katika saratani ya utumbo mpana, mara nyingi hupotea sehemu za kromosomu namba 5, 17 na 18, zenye jeni zinazozuia seli kuongezeka ovyo.

Kasoro hizo pia husaidia saratani kusambaa. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walieleza, hasa kwa seli za saratani ya matiti, kwamba vipande vya kromosomu vinavyobaki nje ya kiini huamsha kinga iliyokusudiwa kupambana na virusi. Seli za saratani huigeuza kinga hiyo kuwa msaada wa kuhama. Zile za utumbo mara nyingi hutua kwanza kwenye ini, kwa kuwa damu kutoka utumboni hupitia huko.

Wapo wanaodai huu ni ugonjwa wa Wazungu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1971 kuwa ni nadra Afrika, akihusisha hali hiyo na vyakula vyenye nyuzinyuzi. Lakini nadra si kusema haupo.

Kwa kawaida kinyama kidogo utumboni huchukua miaka kama 10 kugeuka saratani. Kikigunduliwa na kuondolewa mapema, saratani huzuiwa kabla haijaanza.

Shangazi anaendelea na dawa. Siku hizi, kwenye foleni ya maji, yeye ndiye anayewauliza wenzake kama wanaona damu.

Nawe msomaji, ukiona damu, choo kikibadilika kwa wiki kadhaa au ukikonda bila sababu, usikubali kuambiwa ni bawasiri kabla ya kupimwa.