Usonji si Utovu wa Adabu

Mtoto asiyemtazama mgeni usoni wala kutoa shikamoo mara nyingi huhesabiwa kuwa hana adabu, akachapwa. Huenda ana usonji, hali ya ukuaji wa ubongo isiyotokana na laana wala malezi mabaya. Fumbo, mzaha na ishara ya jicho vyaweza kumpita. Aelezwe jambo waziwazi.

Uadilifu anao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionesha kuwa wenye usonji walielekea zaidi kuliko wengine kukataa fedha zilizoambatana na kufadhili jambo baya, hata pasipo wa kuwaona. Akisema ukweli mbele ya watu, hakusudii ufidhuli.

Fimbo haimfundishi, humtia hofu. Mzazi mwenye shaka amwone Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au afike kituo cha afya kilicho karibu.