Mweupe ni Nani? Rangi na Asili za Wakazi wa Kaunti ya Wayne, Marekani

Kaunti ya Wayne imo katika jimbo la Michigan, kwenye eneo la Marekani liitwalo Magharibi ya Kati, nayo ndiyo yenye mji wa Detroit. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu 1,793,561. Sensa iliyotangulia, ya mwaka 2010, ilikuwa imeonyesha kwamba zaidi kidogo ya nusu ya wakazi walikuwa weupe, na takriban wawili katika kila watano walikuwa Weusi. Hata hivyo, msomaji aliyezitazama hesabu hizo bila kuuliza maana ya neno "mweupe" hangeweza kutambua kwamba kaunti hiyo ni mojawapo ya makao makubwa ya Waarabu katika Marekani nzima. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wakazi wa Wayne walivyofika huko, jinsi walivyotenganishwa, na jinsi majina waliyopewa katika sensa yalivyowadhihirisha baadhi yao na kuwaficha wengine.

Kufika kwa Wakazi

Wenyeji wa kwanza wa nchi hiyo ni mataifa ya asili kama vile Waodawa, Waojibwe, Wapotawatomi na Wawyandot. Wafaransa walijenga ngome yao Detroit mwaka 1701. Kaunti yenyewe iliundwa na Wamarekani mwaka 1796, ikapewa jina la jemadari Anthony Wayne. Na kwa mkataba wa mwaka 1807 mataifa hayo manne yaliachilia sehemu kubwa ya ardhi ya kusini-mashariki ya Michigan. Hivyo wale waliokuwa wenye nchi wamekuwa sehemu ndogo mno ya hesabu, isiyofika hata mtu mmoja katika kila mia.

Kilichowaleta wengi wa wazee wa wakazi wa sasa ni viwanda vya magari. Mwezi wa Januari 1914 kampuni ya Ford ilitangaza ujira wa dola tano kwa siku ya saa nane, na habari hiyo ikaenea mbali. Wapolandi walijaa katika mji mdogo wa Hamtramck, palipokuwa na kiwanda cha ndugu wawili walioitwa Dodge. Wahamiaji kutoka Siria na Lebanoni walikaa Highland Park, karibu na kiwanda cha Ford, na mwaka 1921 ulifunguliwa huko mmojawapo wa misikiti ya kwanza Marekani. Ford ilipohamishia kazi zake katika kiwanda cha mto Rouge, huko Dearborn, wengi wao waliifuata.

Wakati huohuo Weusi walikuwa wakiyahama majimbo ya Kusini, wakikimbia umaskini wa mashamba ya pamba na sheria za ubaguzi. Mwaka 1910 Detroit ilikuwa na Weusi 5,741 tu. Mwaka 1920 walikuwa 40,838, na mwaka 1930 walifikia 120,066. Ni nadra mji kubadilika kiasi hicho katika muda wa miaka ishirini. Baadaye, hasa baada ya sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 kuondoa utaratibu uliowapendelea watu wa Ulaya, walikuja Wayemeni, Wairaki na Wabangladeshi. Nao Wameksiko, waliokuwapo tangu zamani kusini-magharibi mwa Detroit, wakaongezeka.

Mipaka Ndani ya Kaunti

Wastani wa kaunti unaweza kumfanya mtu adhani kwamba weupe na Weusi wanaishi pamoja kwa uwiano huohuo. Sivyo. Katika sensa ya 2020 Weusi walikuwa zaidi ya robo tatu ya wakazi wa Detroit, ilhali katika miji kadhaa inayopakana nayo walikuwa wachache sana. Hali hiyo haikutokana na hiari ya watu tu. Kwa miaka mingi hati za nyumba ziliandikwa sharti la kukataza kuuziwa mtu Mweusi, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua mwaka 1948 kwamba mahakama zisitumike kutekeleza masharti hayo. Moja ya kesi zilizoamuliwa siku hiyo ilitoka Detroit.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni ukuta. Mwaka 1941 mjenzi mmoja alitaka kujenga nyumba za weupe kando ya mtaa wa Weusi, kaskazini mwa Detroit. Idara ya serikali iliyodhamini mikopo ya nyumba iliona mahali hapo ni pa hatari kwa sababu ya majirani. Mjenzi akasimamisha ukuta wa saruji wenye urefu wa mita 800 hivi na kimo kinachokaribia mita mbili, kisha akapata mikopo yake. Ukuta huo ungali umesimama, ingawa siku hizi Weusi wanaishi pande zote mbili. Baada ya vita vya pili vya dunia weupe walianza kuhama mji kwa wingi, na fujo za mwaka 1967, zilizoua watu 43, ziliharakisha mwendo huo. Detroit, iliyokuwa na watu 1,849,568 mwaka 1950, ilibaki na 639,111 mwaka 2020.

Majina na Uzito Wake

Katika sensa ya Marekani majina ya makundi hayajapata kutulia. Sensa ya kwanza, ya mwaka 1790, iliwatenga weupe huru, watu wengine huru, na watumwa. Mwaka 1890 makarani waliagizwa kupima hata sehemu ya damu: nani ni chotara wa nusu, nani wa robo, nani wa sehemu moja ya nane. Mwaka 1930 Wameksiko waliandikwa kuwa rangi ya peke yao. Mwaka 1940 wakarudishwa miongoni mwa weupe. Tangu mwaka 2000 mtu ameruhusiwa kujitaja kwa rangi zaidi ya moja.

Habari ya Waarabu inafundisha zaidi. Zamani sheria iliwapa uraia wahamiaji waliokuwa weupe, na tangu 1870 wale wenye asili ya Afrika. Wengi wa waliobaki katikati walinyimwa. Kwa hiyo kuitwa mweupe hakukuwa sifa tu, bali mlango wa uraia. Mwaka 1915 mahakama ya rufani ilikubali kwamba Msiria ni mweupe. Lakini mwaka 1942 mahakama ya shirikisho huko Michigan ilimkatalia uraia Mwarabu mzaliwa wa Yemeni kwa hoja kwamba yeye si mweupe. Sharti la rangi liliondolewa mwaka 1952. Kisha mwaka 1977 serikali ilipoweka makundi rasmi ya takwimu, watu wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini waliwekwa katika fungu la weupe.

Matokeo yake yalionekana Dearborn. Katika sensa ya 2010 karibu watu tisa katika kila kumi wa mji huo walikuwa weupe. Mwaka 2020 kila aliyejiita mweupe alipewa nafasi ya kuandika asili yake, kwa mfano Mjerumani au Mlebanoni. Majibu yalipotangazwa mwaka 2023, ilibainika kwamba zaidi ya nusu ya wakazi wa Dearborn wana asili ya Mashariki ya Kati au Afrika ya Kaskazini. Watu hao hawakuwa wamefika jana. Kilichoongezwa ni mstari mmoja tu katika fomu.

Yeyote atakayesema kwamba hayo ni mabishano ya maneno matupu aitazame Hamtramck. Sheria ya upigaji kura, kama ilivyorekebishwa mwaka 1975, huzilinda lugha za wenye asili ya Kihispania, Waasia, na mataifa ya asili ya Marekani na ya Alaska. Mbangladeshi ni Mwasia. Kwa hiyo tangu mwaka 2011 Hamtramck imepaswa kumhudumia mpiga kura kwa Kibengali. Jirani yake Myemeni alihesabiwa kuwa mweupe, na Kiarabu chake hakikuingia katika sheria hiyo. Huko Dearborn ilibidi halmashauri ya mji yenyewe iamue, mwaka 2022, kwamba karatasi za kura ziandikwe kwa Kiarabu pia. Mwaka 2024 serikali ya shirikisho ilitangaza fungu jipya la watu wa Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini, lililo mbali na lile la weupe.

Funzo kwa Mfasiri

Ni dhahiri kwamba mfasiri wa takwimu hizi hana budi kuwa na hadhari. Akisema "Wazungu" mahali pa "weupe", atakuwa amemgeuza Mlebanoni na Mmisri kuwa Mzungu, jambo ambalo Kiswahili hakijapata kulikubali. Katika Kenya ya kikoloni sensa iliwaweka Waarabu katika fungu lao wenyewe, mbali na Wazungu, Waasia na Waafrika. Mtu yuleyule, akivuka bahari, hubadilika rangi kwenye karatasi bila kubadilika mwilini. Neno "kabila" nalo halifai, maana Wapolandi wa Hamtramck si kabila. "Asili" ndilo neno linalobeba maana iliyokusudiwa. Lifaalo ni kulitaja fungu kama lilivyotajwa na sensa ya mwaka huo, kisha kueleza ni akina nani waliotiwa ndani yake. Bila maelezo hayo asilimia haimwelezi msomaji wakazi wa Wayne. Humweleza tu mafungu ambayo serikali ilikubali kuyaona.