Maji Yaliyolala Ndani ya Bomba la Shaba

Maji ya bomba yanaweza kuwa meupe na safi kwa macho, lakini yakawa na shaba ndani yake. Leo tujifunze jambo hili.

Mabomba mengi ya vijijini ni ya chuma au ya plastiki. Lakini baadhi ya nyumba na majengo yana mabomba ya shaba. Shaba ni imara, lakini nayo huliwa na maji. Maji yenye asidi huila upesi zaidi. Maji yakilala ndani ya bomba usiku kucha, shaba huyeyuka kidogo kidogo na kuingia katika maji. Kwa hiyo maji ya kwanza ya asubuhi ndiyo yenye shaba nyingi.

Mwili unahitaji shaba kidogo. Tunaipata katika vyakula kama maharage na maini. Shaba ikizidi hudhuru. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 2 katika lita moja ya maji ya kunywa.

Dalili zake

Maji huwa na ladha chungu ya madini. Alama za kijani au buluu huonekana kwenye sinki, chini ya bomba. Anayekunywa maji hayo anaweza kupata kichefuchefu, kutapika, kuumwa tumbo na kuhara.

Watoto wachanga wamo katika hatari zaidi. Katika miaka ya 1980, madaktari wa Ujerumani walieleza habari za watoto wachanga waliougua ini vibaya. Nyumba zao zilitumia maji ya visima yenye asidi, yaliyopita katika mabomba ya shaba. Watoto hao walinyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo.

Je, kuchemsha kunatosha?

Hapana. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi shaba. Maji yakipungua kwa mvuke, shaba hubaki sufuriani. Hata hivyo, tusiache kuchemsha, kwa sababu vijidudu navyo huua.

Tufanye nini?

1. Asubuhi, fungua bomba kwa dakika moja au mbili kabla ya kuteka maji ya kunywa.
2. Usimwage maji hayo ya kwanza. Yakinge kwenye ndoo, ufulie au upigie deki.
3. Usipikie maji ya moto yatokayo bombani. Maji ya moto huila shaba zaidi. Teka ya baridi, kisha uyachemshe.
4. Mnyonyeshe mtoto mchanga maziwa ya mama.
5. Maji yakiendelea kuwa machungu, tumia maji mengine salama. Mwarifu bwana afya au kamati ya maji.
6. Mgonjwa anayetapika au kuhara apelekwe zahanati mapema.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini maji ya kwanza ya asubuhi yana shaba nyingi?
2. Je, mabomba ya shule na zahanati yetu ni ya aina gani?