Mwanga Uliofuata Maji

Mwaka 1841, mjini Geneva nchini Uswisi, mwanafizikia Jean-Daniel Colladon alikuwa na shida ndogo ya darasani. Wasikilizaji wake hawakuuona vyema mchirizi wa maji uliotoka kwenye tundu la tangi. Basi alitia chumba giza, akaweka lenzi upande wa pili wa tangi, akaukusanya mwanga penye tundu lile. Mwanga haukwenda moja kwa moja hadi ukutani. Ulibaki ndani ya maji, ukashuka nayo, ukang'aa pale mchirizi ulipoangukia.

Kwa hakika mwanga haukupinda. Husafiri kwa mstari mnyoofu, lakini ukifika ukingoni mwa maji kwa mshazari mkubwa, hauwezi kutokea hewani. Hurudishwa wote ndani, ukaugonga ukingo wa pili, ukarudishwa tena, hivyo hivyo hadi mwisho wa mchirizi.

Chombo hicho kilifurahisha watazamaji wa Opera ya Paris mwaka 1853, ilhali matabibu waliendelea kuhangaika gizani. Mwaka 1868, huko Freiburg, Ujerumani, daktari Adolf Kussmaul alipotaka kuchungulia tumbo la mtu aliye hai, alimtafuta mtu aliyezoea kumeza panga mbele ya umati. Nani mwingine angeuvumilia mrija mgumu, usiopinda hata kidogo?

Jibu lilitoka kwenye nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Kioo kilishika nafasi ya maji, lakini nyuzi zilipogusana mwanga ulivuja. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, Lawrence Curtiss, aliyekuwa bado mwanafunzi, aliuvika kila uzi gamba la kioo cha aina nyingine, na uvujaji ukakoma. Februari 1957 daktari Basil Hirschowitz aliumeza mrija huo yeye mwenyewe kabla ya kumwingizia mgonjwa. Uungwana unaostahili kukumbukwa.

Siku hizi picha huletwa na kamera ndogo sana iliyo kwenye ncha ya endoskopi. Hata hivyo, katika mirija mingi mwanga bado hupitia nyuzi za kioo. Mgonjwa anayeogopa kuunguzwa tumboni na aelezwe hivi: taa yenyewe imo ndani ya mashine iliyo kando ya kitanda, na kinachoshuka kooni mwake ni mwanga tu, ukidundadunda ndani ya kioo kama ulivyofanya ndani ya maji ya Colladon.