Sahani Iliyofunikwa: Namna ya Kutazama Igizo Fupi kwa Moyo wa Kikristo

Ni desturi iliyozoeleka katika parokia zetu za mwambao wa Ziwa Victoria. Siku ya sikukuu ya somo wa parokia, baada ya Misa Takatifu na chakula, viti husogezwa, vitenge viwili hutundikwa kuwa pazia, na vijana wa VIWAWA au wanafunzi wa TYCS hutuletea igizo la robo saa. Mlevi anapepesuka, nasi tunacheka. Mama mkwe anafoka, tunacheka zaidi. Kisha anaingia msichana aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ni mjamzito. Anaketi chini na kulia. Hapo nako, mara nyingi, tunacheka.

Hatucheki kwa ukatili. Wengi wetu hucheka kwa kuwa uchungu ukionyeshwa hadharani hututia haya, na kicheko ndicho mlango wa karibu wa kutorokea. Lakini katika ukumbi uleule, pengine kiti cha tatu kutoka kwetu, yupo binti ambaye igizo hilo ndiyo maisha yake ya wiki hii. Anakisikia kicheko chetu, naye anajifunza kwamba mbele ya watu hawa ni heri kunyamaza. Kwa hiyo, namna tunavyotazama igizo fupi si jambo la burudani peke yake. Ni jambo la upendo kwa jirani.

Igizo fupi husemaje?

Tamthilia ndefu ina nafasi ya kueleza. Katika Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, Ebrahim Hussein aliweza kutuonyesha jamii nzima ikiingia katika Vita vya Majimaji. Igizo fupi halina nafasi hiyo. Huchukua tukio moja, mahali pamoja, watu wawili au watatu, na huanza pale ambapo mambo yamekwisha kuharibika. Kwa kuwa muda wa maelezo haupo, kazi ya kueleza huachiwa kitu kilichoshikwa mkononi, neno lililokatizwa na kimya.

Tufikirie igizo la dakika kumi katika kijiji cha wavuvi. Ni usiku wa giza, usiku wa kuvulia dagaa. Jukwaani kuna chemli moja. Mama anapakua ugali katika sahani tatu: yake, ya mwanawe, na ya tatu anaifunika. Mtoto, ambaye hakushiba, anaifunua. Mama anamwambia aiache. Mtoto anauliza, “Hii tutaiweka mpaka lini?” Mama anageukia mlango na kusema kwamba upepo umebadilika. Kisha anapunguza utambi wa taa, na igizo limekwisha.

Hakuna aliyetaja kifo. Hakuna aliyelia. Hata hivyo, katika mwambao unaoikumbuka MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ni nani asiyeielewa sahani ile? Mtazamaji anayelalamika kwamba hatukuambiwa baba yuko wapi bado hajamwona mama. Mama mwenyewe hawezi kulitamka neno hilo, na huko kushindwa kwake kulitamka ndiko kiini cha igizo.

Basi, tunapotazama, yatufaa kujiuliza mambo matatu. Kwanza, mhusika huyu anataka nini, na ni neno gani analoogopa kulisema? Pili, ni kitu gani kinachorudiwa, kama sahani, mlango, barua au simu isiyopokelewa? Katika igizo fupi kitu kinachorudiwa huwa kimebeba hisia ambayo maneno hayaibebi. Tatu, ni nini kinachotendeka ndani yetu sisi tunaotazama? Tukijikuta tunamkasirikia mhusika mmoja kupita kiasi, yafaa tuulize hasira hiyo inatoka wapi.

Hadhira ya mwambao wetu

Watu wa Usukumani hawahitaji kufundishwa kwamba hadhira ina nguvu. Pale Bujora, ambako Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika alianzisha makumbusho ya Wasukuma, sherehe za Bulabo hufanyika katika majira ya Sherehe ya Ekaristi Takatifu. Wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu hushindana, na watazamaji ndio waamuzi: upande uliovuta umati mkubwa zaidi ndio uliotia fora. Hadhira huenda inakofurahishwa, na ni haki yake.

Igizo lenye uchungu hututaka jambo jingine. Hututaka tubaki pale panapouma, bila kuhama.

Mfano mmoja ulio karibu nasi unaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Mwaka 1982 na 1983, wasanii na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando, ajulikanaye pia kama Penina Mlama, na Amandina Lihamba, walifanya kazi ya sanaa ya maonyesho kwa maendeleo katika kijiji cha Malya, wilayani Kwimba. Hawakufika na igizo lililokwisha kuandikwa. Waliwasikiliza kwanza wanakijiji, na miongoni mwa matatizo yaliyotajwa, suala la mimba za wasichana ambao hawajaolewa likawa ndilo la kuonyeshwa. Wanakijiji wenyewe walishiriki kulitunga onyesho hilo kwa ngoma na maigizo yao, na baada ya onyesho yalifuata mazungumzo ya hadhara. Jambo ambalo mzazi na binti wasingeweza kuambiana uso kwa uso lilipata kwanza kusemwa jukwaani, na baadaye likaweza kusemwa na watu walioketi.

Mama Kanisa na jukwaa

Njia hiyo si ngeni katika Maandiko Matakatifu. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12, nabii Nathani hakuanza kwa kumkaripia mfalme Daudi. Alimsimulia habari ya maskini aliyenyang’anywa mwanakondoo wake wa pekee. Daudi aliwaka hasira kwa ajili ya yule maskini, na ndipo alipoonyeshwa kwamba mtu aliyemhukumu ni yeye mwenyewe. Moyo wake ulifunguliwa na huruma kwanza, na toba ikaja baadaye. Laiti Daudi angekicheka kisa kile, asingeifikia Zaburi ya toba.

Hata Bwana wetu Yesu Kristo aliuacha mfano wa mwana mpotevu bila kutuambia mwisho wake. Tunamwona baba akitoka nje kumsihi mwana mkubwa, na Injili ya Luka inanyamaza. Je, aliingia karamuni? Hatuambiwi, maana jibu limeachwa mikononi mwa msikilizaji. Ndivyo yalivyo maigizo fupi mengi yaliyo mazuri: humalizika mlangoni.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya mwaka 1963, ulitaka sanaa ya kale ya maigizo isaidie kuwakuza watazamaji katika utu na maadili. Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyeitembelea Mwanza mnamo Septemba 1990, aliyajua hayo kutoka ndani. Alipokuwa kijana mjini Kraków, wakati Poland imekaliwa na Wanazi, alishiriki katika kundi la maigizo lililoanza mwaka 1941 na kufanya maonyesho yake kwa siri nyumbani mwa watu. Mapambo yalikuwa machache. Uzito wote uliwekwa katika neno. Akiwa askofu aliandika tamthilia kuhusu ndoa, na mwaka 1999 aliwaandikia wasanii wa dunia nzima barua. Vijana wetu wasio na chochote isipokuwa vitenge viwili na chemli wasijidharau.

Baada ya igizo

Mara nyingi, igizo likiisha tu, mshehereshaji hushika kipaza sauti na kuuliza, “Tumejifunza nini?” Mkono mmoja huinuka na jibu hutolewa: vijana waache anasa. Tunapiga makofi. Jibu ni sahihi, lakini limeufunga mlango ambao igizo lilikuwa limeufungua. Wazazi wamepona, kwani kosa limekwisha kukabidhiwa vijana. Na binti wa kiti cha tatu amehukumiwa bila kutajwa jina.

Tunapendekeza njia nyingine. Igizo likiisha, tukae kimya kidogo, kama tunavyokaa baada ya Komunyo. Kisha swali la kwanza liwe: ni nani jukwaani uliyemwonea huruma, na ni wakati gani? La pili: ni nani angeweza kufanya jambo dogo tu, likabadilisha mwisho? Maswali hayo yanaweza kuendelezwa katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, mahali ambapo watu ni wachache na wanajuana.

Waandaaji nao wana wajibu. Wasiweke jukwaani kisa cha mtu anayetambulikana parokiani, hata kama jina limebadilishwa. Uchungu wa mtu si mali ya kundi la maigizo. Na igizo likigusa msiba, ukatili wa nyumbani au tamaa ya kujiua, paroko, katekista na walezi wajulishwe mapema, ili atakayehitaji kusema ampate wa kumsikiliza siku hiyohiyo.

Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Penina Muhando aliigeuza methali hiyo, na mwaka 1984 tamthilia yake ikachapishwa kwa jina la Lina Ubani. Sisi Wakatoliki tuna sababu ya pekee ya kulielewa jina hilo, kwani Kanisa hulifukizia ubani jeneza la marehemu, likiheshimu mwili uliokuwa hekalu la Roho Mtakatifu hata unapokaribia kuoza. Tusiwanyime walio hai heshima hiyo. Siku ya somo wa parokia itakapofika, na yule msichana akaketi chini jukwaani na kulia, tusicheke. Tubaki naye mpaka pazia lifungwe, halafu tumtazame aliyeketi kando yetu.